Maji ya Saa Tatu Kasorobo

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Jumatano ya pili ya Julai, kaa walikuwa wanatoka majini. Akram aliwaona kwa taa za Kanta yake, lori dogo la mizigo. Alianza kuona mmoja, halafu saba au wanane, wakipanda ukingo wa kijito cha Kamulundu na kuikata barabara upande upande. Baadhi yao walisimama katikati na hawakukimbia hata gurudumu lilipowakaribia. Alipunguza mwendo. Mbele, kwenye daraja, lori la tangi lilikuwa limelala ubavu, na kichwa chake kilikuwa kimening'inia juu ya maji.

Akram hakuhitaji kusoma maandishi ya kwenye tangi. Majani ya ukingoni yalikuwa yamegeuka meusi, na hewa ilikuwa na harufu ya kitu kilichoungua bila moto. Alikuwa amebeba asidi ya salfa miaka mitano, kutoka mpakani Kasumbalesa hadi kwenye viwanda vya shaba vya Kolwezi, kabla hajanunua Kanta na kuanza kujitegemea.

Dereva alikuwa mzee Kankolongo, mtu aliyemfahamu tangu foleni za mpakani. Alikuwa mzima, amekaa kando ya barabara na kiatu kimoja. Alieleza kwamba breki zilimwacha kwenye mteremko, na kwamba alianguka saa kumi na moja kamili, kwa sababu kengele ya simu yake ilikuwa ndiyo kwanza inalia. Valvu ya chini ilivunjika papo hapo. Kwa kukadiria kwake, nusu ya mzigo ilikuwa imekwisha kushuka.

Madereva wa asidi wana desturi ambayo hakuna bosi aliyewaandikia: humpiti mwenzako aliyeanguka mpaka umwage naye mfuko wa mwisho wa chokaa. Akram aliifuata. Walipasua mifuko kumi na minne iliyobebwa na lori lenyewe, wakaimwaga kuzunguka valvu na kwenye ukingo, wakageuka weupe mpaka kwenye kope. Kazi hiyo ilikwisha saa kumi na mbili na dakika ishirini. Chokaa ilizuia kilichokuwa bado hakijamwagika. Kilichokwisha kuingia majini kilikuwa kimeshaondoka.

Simu haikuwa na mtandao pale. Kabla ya kupanda garini Akram alitupa chupa tupu katikati ya mkondo, akatembea sambamba nayo huku akitazama saa yake. Kijito kilikwenda mita arobaini kwa dakika. Kutoka darajani hadi kambi ya televisheni, pale Kamulundu inapoingia katika mkono wa ziwa la Nzilo, zilikuwa kilomita tisa. Alikuwa na hakika, kwa sababu alikuwa amezipita kila asubuhi kwa wiki sita na kuzisoma kwenye dashibodi. Kilomita tisa kwa mwendo ule ni dakika mia mbili ishirini na tano. Maji yaliyoondoka darajani saa kumi na moja yangefika kambini saa tatu kasorobo.

Na saa tatu kamili, kwa mujibu wa ratiba iliyobandikwa kwenye hema la jikoni, watu watatu wangeketi katika maji hayo mpaka shingoni.

Mchezo wenyewe uliitwa *Atabaki Nani*. Kila Jumamosi jioni ulionyeshwa nchi nzima: watu mashuhuri kumi na wawili, waimbaji, wachekeshaji, wachezaji mpira waliostaafu, wameachwa porini bila chakula wala godoro, wakipunguzwa mmoja mmoja kwa kura. Kuzunguka eneo lao ilifungwa kamba nyekundu. Aliyeivuka, kwa sababu yoyote ile, alikuwa ametoka mchezoni.

Pale Manika, nyumbani kwa Akram, mke wake Bilkisi alitoa televisheni uani kila Jumamosi, na majirani walikuja na viti vyao. Mpangaji wao Mechack, mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi, alitazama akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mtu akilia njaa kwenye kioo, alikuwa na maneno yake. "Mi nilikala siku mbili mu shimo bila kula," alisema mara moja, "na hakuna muntu alinivotea." Watu walicheka, na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Akram alijua zaidi ya wote. Ndiye aliyepeleka maji ya chupa, mikate na makaa ya waandaaji. Alikuwa ameona moto wa kupekecha vijiti ukiwashwa kwa kiberiti nyuma ya mgongo wa mpigapicha, na ugomvi wa kambini ukirudiwa mara tatu kwa sababu wingu lilipita. Alikuwa ameona pia kwamba njaa haikuwa ya kuigiza. Florentine, mwimbaji ambaye Bilkisi alimpenda tangu ujana, alikuwa amekonda mpaka pete zake alizifunga kwa uzi shingoni. Akram hakuweza kutenganisha hayo mawili, na Jumamosi naye alivuta kiti.

Wiki tatu kabla, mwongozaji wa kipindi, François, alikuwa amemwomba kazi ndogo. Wasaidizi waliwasha majani mabichi nyuma ya kilima, na Akram alikuja mbio akipiga kelele kwamba moto wa nyika unakuja, watu wakimbie. Gloire, mnenguaji kutoka Lubumbashi, aliivuka kamba. Florentine alisimama hatua moja kabla ya kuifikia. Jumamosi hiyo ua wa Manika ulijaa hadi barabarani, na Akram alijiona kwenye kioo kwa sekunde kumi na moja, jasho likimtiririka, akisadikika kabisa. Baada ya hapo alimuuliza François mara mbili kama hakuna nafasi nyingine ya kuonekana.

Alifika kambini saa kumi na mbili na dakika hamsini. François alikuwa anakunywa kahawa kwa kusimama, karatasi za ratiba kwapani. Alikuwa mtu wa Kinshasa aliyekulia Lubumbashi, mpole, mwepesi wa hesabu, asiyepandisha sauti. Alimsikiliza Akram mpaka mwisho. Aliuliza maswali manne: lori lilianguka saa ngapi, kijito kina kasi gani, umbali ni kiasi gani, na kama Akram ana hakika. Akram alimjibu yote manne. François aliandika "8h45", yaani saa tatu kasorobo, pembeni mwa ratiba, akaizungushia duara.

Kisha alifanya jambo ambalo Akram hakulitegemea. Hakuahirisha mchezo. Aliuwahisha.

Alieleza kwa utaratibu. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho, droni na kamera mbili zilikuwa za kukodi na zingeondoka saa sita, na mchezo wa mwisho haukuwa na mahali pengine. Washindani watatu wangekaa kwenye kidimbwi cha Kamulundu, kila mmoja ameshika kigingi chake, na aliyebaki wa mwisho ndiye mshindi. Katika baridi ya Julai wasaidizi walikuwa wamejaribu wenyewe, na hakuna aliyezidisha dakika ishirini na tano. Kama wangeanza saa moja na nusu, wangekuwa nje kabla ya saa mbili. Hiyo ilikuwa zaidi ya nusu saa ya usalama, na baada yake angewapigia simu watu wa mazingira yeye mwenyewe.

"Na bale batatu," Akram aliuliza, "utabaambia?"

"Nikibaambia, batafikiri ni mchezo. Unajua wewe mwenyewe juu ya nini."

Akram alijua: ule moto wa uongo yeye ndiye aliyeupigia kelele. Alishusha katoni za maji. Namba ilikuwa yake, na hesabu iliyofanywa juu yake haikuwa na kosa.

Saa moja na nusu mchezo haukuanza. Betri ya droni ilikuwa imelala kwa baridi. Baadaye jua lilitoka upande usiotakiwa, na washindani wakaambiwa washuke upya kuelekea kwenye kidimbwi, polepole, bila kutazama kamera. Merdi, beki mstaafu mwenye goti bovu, aliteleza, na kuteleza kwake kulipendeza kiasi kwamba aliombwa ateleze tena.

Akram alipanda kilima kutafuta mtandao ili awaarifu watu wa Kolwezi kuhusu Kankolongo. Saa moja na dakika arobaini na nne alifika juu, akainua simu, na kabla haijapata mtandao akatazama alikotoka.

Aliliona daraja. Aliliona lori, dogo kama kisanduku cha kiberiti, na alama nyeupe ya chokaa kulizunguka. Lilikuwa karibu mno. Barabara aliyoizoea ilitoka pale ikapinda kushoto, ikakizunguka kilima chote, ikapita mashamba ya mihogo, ndipo ikarudi kambini. Kamulundu haikuzunguka chochote. Ilishuka bondeni imenyooka kama ukanda wa mashine, kutoka darajani hadi chini ya miguu yake.

Kilomita tisa zilikuwa za gari. Za maji zilikuwa saba, labda saba na nusu. Aligawanya kwa arobaini akiwa amesimama, kisha akagawanya tena. Maji yangefika kati ya saa mbili kasoro dakika tano na saa mbili na dakika nane.

Alishuka kwa kukimbia. Alipofika chini ilikuwa saa mbili kasoro dakika nne, na wote watatu walikuwa majini. Walikuwa wameingia dakika nne zilizopita. Videvu vyao vilikuwa juu ya maji, vigingi vitatu vyekundu mbele yao, pumzi zao zikionekana hewani.

François alikuwa chini ya mwavuli, macho kwenye kioo kidogo cha kutazamia kamera. Akram alimwambia, akihema, kwamba saa tatu kasorobo haikuwa kweli, na kwamba watoke sasa.

"Tata Akram. Ni wewe ulinipa saa. Nilipanga kazi yote na saa yako."

"Nilihesabia barabara, chef. Maji haipite mu barabara."

François alimtazama kwa mara ya kwanza, na si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama mtu aliyekuja kuomba nafasi. Alimkumbusha kwamba alishaomba mara mbili. Alimwambia kwamba kama anataka kupungia mkono kamera, angepewa nafasi kwenye sherehe ya kufunga. Kisha akashika filimbi iliyoning'inia shingoni mwake, ile ambayo peke yake ilisimamisha mchezo, akaiingiza ndani ya shati.

Akram alikwenda kwenye hema la jikoni. Mpishi alikuwa na kopo la bikaboneti ya kulainishia maharagwe, na bakuli jeupe la bati. Alivichukua bila kueleza. Alichuchumaa pale kijito kinapoingia kwenye kidimbwi, nje ya kamba, akachota maji, akatia kijiko kimoja. Bikaboneti ikiingia kwenye asidi hutoa povu. Hakuna namna ya kuibembeleza isifanye hivyo, wala ya kuibembeleza ifanye.

Saa mbili kamili: unga ulizama, maji yakabaki kimya.

Saa mbili na dakika nne: vilevile. Msaidizi mmoja alikuja kuchungulia bakuli, akarudi kwa François, akatikisa kichwa. Dakika hiyohiyo Merdi aliinuka, midomo ya kijivu, akashindwa kukunja vidole. Alivikwa blanketi. Walibaki wawili, Florentine na Hénock mchekeshaji. Akram aliwahesabia dakika. Walikuwa wamekaa kumi na mbili.

Alianza kuwaita. Hakupiga kelele, kwa kuwa alikumbuka jinsi alivyopiga ile siku nyingine. Aliwaambia kwa sauti ya kawaida kwamba lori limeanguka, kwamba ni asidi, kwamba inakuja na haionekani.

Hénock aligeuza kichwa tu. Meno yalikuwa yanagongana, lakini kazi yake haikumwacha. "Tata wa moto anarudia," alimwambia Florentine. "Juni ile alituletea moto mu baridi. Leo anatuletea acide mu maji ya bure. Kesho atatuletea tembo mu chupa."

Wapigapicha walicheka. Mmoja wao aliigeuza kamera, akampiga Akram na bakuli lake.

Florentine hakucheka. Huo ulikuwa mwaka wa sita hana wimbo uliosikika redioni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita watu walikuwa wanalitamka jina lake tena. Alikuwa amelisema hilo mwenyewe mbele ya kamera, na Bilkisi alikuwa amelia. Sasa alimtazama Akram moja kwa moja, mikono miwili kwenye kigingi.

"Tata, ile siku nilikuamini, nilikimbia. Gloire alivuka, mi nilisimama kwa neema ya Mungu tu. Leo sitoke."

"Mama Florentine, ile siku nilikudanganya. Leo sidanganye."

"Ile siku pia ulisema hivi."

Ni kweli alikuwa amesema hivyo. Maneno hayo François ndiye aliyempa, yameandikwa kwenye karatasi, na alikuwa ameyakariri barabarani.

Akajaribu njia nyingine. Alimwambia kuhusu ua wa Manika, viti, mke wake. "Bibi yangu anakupendaka sana. Kwa jina lake, toka."

"Anipende mpaka Samedi," Florentine alisema, akiitaja Jumamosi kwa Kifaransa, na sauti yake ilikuwa nyembamba kwa baridi. "Samedi ataona nani alibaki."

Saa mbili na dakika tisa Akram alichota tena. Unga ulipogusa maji ulitoa mlio mdogo kama wa mafuta kwenye kikaango, na povu likapanda, likafunika sehemu ya chini ya bakuli, likaendelea kupanda. Alisubiri ashushe pumzi. Akachota bakuli la pili, akatia kijiko cha pili. Povu likaja tena, zaidi ya kwanza. Chini ya mkono wake samaki mdogo, mrefu kama kidole, alipita kichalichali na kuingia kwenye kidimbwi.

Aliinua bakuli, akamwita François. François aliliona. Wote walikubaliana baadaye kwamba aliliona, maana alisimama kutoka kwenye kiti. Lakini aliuliza ni unga gani huo, na nani kampa, na kwa nini mara mbili za kwanza haukufanya kitu. Msaidizi aliyechungulia mwanzo alitabasamu, akauliza kwa Kifaransa kama hilo limo kwenye mpango na yeye hakuambiwa. Hakuna aliyemjibu. François alikuwa na mkono ndani ya shati, juu ya filimbi, na macho kwenye kioo, ambapo nyuso mbili zilikuwa zimeijaza fremu.

Saa mbili na dakika kumi na moja Akram aliivuka kamba nyekundu, akaingia majini na viatu vyake.

Hakuhisi kuungua. Alihisi baridi, halafu mwasho fulani kwenye mikwaruzo ya vidole aliyoipata kwenye mifuko ya chokaa, kama ndimu. Alijua kwamba wale wawili, waliokaa dakika kumi na tisa, ngozi zao zilikuwa zimekufa ganzi na hazingewaambia chochote. Alijua kwamba macho ndiyo yanayotangulia kuungua. Alimfikia Florentine, akamshika chini ya makwapa.

Florentine alipigana naye. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la makaa, na nguvu zake zote zilikuwa kwenye vidole. Akram alibandua mkono mmoja. Ule mwingine ukashika juu zaidi. Alimwomba asiinamishe uso. Alimwomba mara mbili, na sauti ya ombi hilo imo kwenye rekodi. Saa mbili na dakika kumi na tatu Florentine alivuta pumzi, akafumbua macho ili aone kigingi kilipo, akajizamisha mzima chini ya maji ili mikono ile impoteze.

Alikaa chini sekunde sita. Alipoibuka hakupiga kelele. Alikuwa ameyafumba macho kwa nguvu, kichwa kimeelekea upande ambao hapakuwa na mtu. Mikono yake yote miwili ilitoka kwenye kigingi ikaenda usoni.

Akram alimbeba nje, akamlaza kwenye nyasi, akapasua katoni ya maji ya chupa kwa meno. Alimfunua kope kwa vidole, akamwagia chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimwambia asifumbe. Merdi alikuja na blanketi lake na kumshika kichwa. Filimbi ililia saa mbili na dakika kumi na tano, mara tatu, kama inavyolia mshindi anapopatikana.

Saa mbili na dakika kumi na sita Hénock, aliyekuwa peke yake kwenye kidimbwi, alikiachia kigingi, akainua mikono mbele ya kamera, akachota maji kwa viganja viwili, akajimwagia usoni.